Barua ya wazi kwa msimamizi wa ziara za Jengo la Bunge la Iowa

Kwa Msimamizi wa Ziara za Wageni,
Jengo la Bunge la Jimbo la Iowa,
Des Moines.

Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima. Barua hii naitoa hadharani kwa Kiswahili, na nakala ya Kiingereza nimeileta ofisini kwako. Nataka majirani zangu wa Des Moines, Cedar Rapids na Iowa City wajue ninaomba nini kwa niaba yao. Ombi ni moja: angalau Jumamosi moja kila mwezi, ziara ya Jengo la Bunge iongozwe kwa Kiswahili.

Sisi tunaozungumza lugha hii hapa Iowa ni wengi wetu Wakongo wa Kivu na Warundi, pamoja na Wanyarwanda, Watanzania na Wakenya. Tunafanya kazi kwenye viwanda vya nyama, kwenye maghala, kwenye nyumba za kutunza wazee. Ile kuba ya dhahabu tunaiona tukitoka zamu ya usiku, jua linapoipiga. Lakini ukiwauliza wazee wetu kama wamewahi kuingia ndani, wengi watakuuliza nani aliwaita. Walikotoka, jengo la serikali lenye askari mlangoni hulikaribii bila barua mkononi. Ukiweza, unapita barabara nyingine. Kumwambia mzee wa namna hiyo kwamba mlango uko wazi, kwamba haulipi hata senti na hakuna atakayekuuliza unatafuta nini, ni kumpa habari kubwa. Akishaingia, anastahili pia kuelewa anachokiona.

Na cha kuona kipo. Mimi si mchoraji wa majengo, ila naomba uniruhusu niseme ninavyolipenda hili jengo. Ni la pekee nchini Marekani kati ya majengo ya mabunge ya majimbo kwa kuwa na kuba tano: nne ndogo pembeni, na kubwa katikati, futi 275 kwenda juu, yaani mita 84 hivi, iliyofunikwa kwa utando mwembamba wa dhahabu ya karati 23. Ndani yake kuna aina 29 za marumaru, na mbao za milango na kuta, kama mwaloni na mcheri, nyingi zilikatwa kwenye misitu ya Iowa yenyewe. Walioanza kulibuni, John Cochrane na Alfred Piquenard, ndio waliobuni pia jengo la bunge la jirani zetu wa Illinois. Piquenard alifariki mwaka 1876, kazi ikiwa haijafika mbali, na wengine wakaimalizia.

Habari inayowagusa watu wangu kuliko dhahabu ni jinsi lilivyojengwa. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1871. Majira ya baridi yalipopita, mawe yaliyokwisha kujengwa yakaonekana yamepasuka. Yakang'olewa, na jiwe la msingi likawekwa upya mwaka 1873. Ujenzi ulikamilika mwaka 1886 kwa gharama ya zaidi ya dola milioni 2.8, na hesabu zilipokaguliwa, fedha ambayo haikupatikana ilikotumika ilikuwa dola 3 na senti 77. Niliwasomea akina baba hesabu hiyo siku moja baada ya ibada, wakanitaka nirudie. Hawa ni watu walioona barabara zikijengwa kwenye makaratasi tu na hospitali zikiishia kwenye msingi. Waambie kwamba miaka kumi na mitano ya ujenzi ilipotezewa fedha isiyonunua hata kuku, nao wataitazama ile kuba kwa macho mengine kabisa.

Mwaka huu nilimpeleka mama mkwe wangu. Ni mzaliwa wa Uvira, na sehemu kubwa ya utu uzima wake aliipitisha kambini Nyarugusu, Kigoma, kabla ya kuletwa huku. Mwongozaji wetu alikuwa mtu mwema, mwenye sauti nzuri na subira. Mimi nilikuwa nyuma nasukuma kiti cha mtoto, hivyo kazi ya kumtafsiria bibi ikamwangukia mjukuu wake, msichana wa darasa la sita. Alijitahidi sana. Lakini mtoto hutafsiri anachokijua. Kwenye maktaba ya sheria, penye zile ngazi za chuma za kuzunguka zinazopanda hadi kwenye rafu za juu, mwongozaji alizungumza kwa dakika kadhaa, na bibi akapata sentensi moja: "Hapa wanaweka vitabu."

Tukafika kwenye ngazi kuu, chini ya mchoro mkubwa wa Edwin Blashfield uitwao "Westward". Unaufahamu kuliko mimi: upana wake futi 40, gari la walowezi linavutwa na ng'ombe kuelekea magharibi, na wanawake wenye mavazi meupe wanaelea mbele yake wakiliongoza, wengine wakimwaga mbegu. Mama mkwe alisimama pale kuliko mahali pengine popote. Yeye anajua maana ya familia nzima kuhama na kilichobebeka tu. Kisha akauliza: "Na wale waliokuwa wanakaa huko wanakokwenda, wao walihamia wapi?" Mjukuu akatafuta maneno. Alipoyapata, kundi lilikuwa limekwisha kupanda na mwongozaji alikuwa anaeleza jambo jingine.

Silalamiki, Mheshimiwa. Ninachosema ni kwamba swali lile lilikuwa bora kuliko yote yaliyoulizwa siku ile, na linalo jibu. Mwaka 1857 serikali ya jimbo ilihamia Des Moines kutoka Iowa City. Mwaka huohuo Wameskwaki, kabila la wenyeji wa asili waliokuwa wamefukuzwa kutoka Iowa, walinunua ekari 80 kwa fedha yao wenyewe katika kaunti ya Tama, wakarudi kwenye nchi yao, na mpaka leo wapo. Mama mkwe wangu angesimuliwa hayo pale pale, chini ya mchoro ule, angeyabeba hadi nyumbani na kuyarudia kwa wenzake wote.

Najua utaikumbuka sheria ya mwaka 2002 iliyofanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Iowa. Nimeisoma. Sheria hiyohiyo inataja mambo ambayo haiyazuii, na utalii ni mojawapo. Ziara ya wageni kama si utalii ni nini? Serikali ya shirikisho nayo inamruhusu mtu mwenye umri wa miaka 55, aliyeishi na kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, miaka 15, kufanya mtihani wa uraia kwa lugha yake. Kati ya maswali ya mtihani huo lipo linalouliza makao makuu ya jimbo lako ni mji gani. Wazee wetu wanalijibu wakiwa sebuleni, wamelikariri, ilhali makao makuu yenyewe yako mwendo mfupi kwa basi.

Lipo jambo moja ningeomba liingie kwenye ziara hiyo hata kama muda ni mfupi. Nje ya jengo la mahakama, kwenye uwanja huohuo wa Bunge, imesimamishwa tangu mwaka 2009 sanamu ya kumkumbuka Ralph, mtu mweusi aliyekuwa mtumwa Missouri. Alikubaliana kwa maandishi na bwana wake kwamba aende Dubuque akachimbe madini ya risasi, ajikomboe kwa dola 550. Fedha hazikutimia, na watu wakatumwa wamkamate wamrudishe utumwani. Mahakama Kuu ya Iowa, wakati huo Iowa ikiwa bado ni eneo chini ya serikali ya shirikisho, haijawa jimbo, iliamua mwezi Julai 1839 kwamba Ralph ni mtu huru: deni anadaiwa kweli, lakini hawezi kurudishwa utumwani kwa sababu ya deni. Vijana wetu wanaozaliwa hapa wanahitaji kulijua hilo wakiwa wadogo, na wawasikie babu zao wakilizungumza.

Hatuombi fedha. Wapo miongoni mwetu walimu, makatekista na wakalimani wa mahakamani walio tayari kujifunza kazi ya uongozaji chini ya watu wako, wapimwe, na wasipofaa waachwe. Kipeperushi tutakiandika sisi, ofisi yako ikague kila tarehe na kila jina. Tungependa ziara ya kwanza ifanyike kabla ya Jumatatu ya pili ya Januari, Bunge linapofungua kikao chake, maana baada ya hapo vyumba hujaa na wazee huchoka kusimama. Mama mkwe wangu ameshajiandikisha wa kwanza, na swali lake analo.

Wako mwenye heshima,
Mkazi wa Des Moines, mzaliwa wa Kivu ya Kusini