Kidonda kisichouma: barua kwa vijana wa bodaboda Mbeya

Wanangu wa vijiwe vya Mwanjelwa, Kabwe na Uyole,

Juzi mmoja wenu alinileta nyumbani. Tulipofika getini akazima pikipiki, akainamisha kichwa: "Mzee, nimetokwa na kidonda huku chini. Hakiumi, na sasa kinakauka. Si ndiyo kimepona?" Nilimjibu palepale, ila najua swali hilo si la mmoja.

Mimi nimeendesha lori la Dar es Salaam na Tunduma miaka mingi. Mwaka 1984 nilipata kidonda cha namna hiyo: kimoja, kigumu pembeni kama kifungo cha shati, hakina maumivu. Nikapasua kapsuli ya rangi mbili, nikanyunyizia unga. Mwezi haukuisha kikafunga, nikashukuru unga ule. Kumbe kidonda cha kaswende hufunga chenyewe ndani ya wiki 3 hadi 6, uweke dawa usiweke, na vijidudu hubaki kwenye damu. Baadaye nikatoka vipele viganjani na kwenye nyayo, visivyowasha. Nikasingizia grisi. Navyo vikaondoka.

Mke wangu alijifungua mtoto aliyekufa, mimba ya miezi 8. Majirani wakasema karogwa, nami nikawaacha waseme. Mimba iliyofuata walipotupima damu kliniki, ndipo nikaelewa ugonjwa ule uliingia nyumbani na nani. Kumwambia mama yule kulinishinda siku tatu. Nilipomwambia alilia, kisha akauliza sindano inachomwa lini.

Sindano yenyewe ni penisilini, makalioni. Inauma, usiku ule utalalia ubavu. Kaswende changa huisha kwa dozi moja. Iliyokaa siku nyingi huhitaji dozi 3, moja kila wiki. Siku hiyohiyo unaweza kushikwa na homa na kutetemeka; hutulia ndani ya saa 24, usidhani umepewa sumu. Kama penisilini iliwahi kukudhuru, mwambie mhudumu kabla hajachoma.

Na mwenzako lazima apimwe na kutibiwa, la sivyo mtarudishiana, maana kupona leo hakukukingi kesho. Kaeni mbali kitandani mpaka mhudumu awaruhusu. Hapo ndipo wengi wenu mnapoteleza: mnachomwa sindano kimyakimya, mkirudi nyumbani mnaanza upya. Pimeni na Virusi vya Ukimwi siku hiyohiyo, kwa sababu kidonda kama hicho huvifungulia mlango.

Tunzeni cheti cha matibabu. Kile kipimo cha tone la damu kidoleni kinaweza kuendelea kuonyesha kaswende maisha yote hata ukishapona. Nimeona ndoa ikitikisika kwa hilo, bila kosa la mtu.

Wewe wa getini, kesho saa moja asubuhi nitakuwa nimevaa koti, nakusubiri. Twende wote zahanati. Nauli ya kwenda na kurudi ni juu yangu.

Baba yenu, Uyole