Mama, nimefika nyumba walikotoka masista wa Limuru

York, Uingereza

Mama mpendwa, na Shangazi,

Shikamooni. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kwamba mvua za vuli zimewapunguzia joto hapo Voi. Sisi huku hatujambo. Baridi imeshaingia, saa kumi jioni ni giza, lakini nyumba ina joto na kazi inaendelea vizuri.

Niliposikia kwamba mjukuu wenu amechagua shule ya bweni ya masista kwa gredi ya 10, na kwamba Shangazi ameshaanza kuulizia bei ya mbuzi, niliona simu haitanitosha. Kwenye simu tunaulizana hali, tunatajiana wagonjwa na waliofariki, salio linakwisha. Nina jambo la kuwaambia ambalo nimekaa nalo muda mrefu.

Hapa York, nje kidogo ya lango la kale la ukuta wa mji liitwalo Micklegate Bar, kuna nyumba ya masista inayoitwa Bar Convent. Ilianzishwa 1686, wakati Ukatoliki ulikuwa marufuku Uingereza. Ukiitazama kutoka barabarani huoni mnara wala dalili yoyote ya kanisa. Kanisa limo ndani, na kuba lake zuri limefichwa chini ya paa la kawaida ili mpita njia asijue kwamba humo watu wanasali. Lina milango mingi, wanaosali wapate pa kutokea wakivamiwa, na lina shimo la kumficha padri. Masista wenyewe walivaa kama wanawake wengine wa mji. Katika hali hiyo, wakihofia kukamatwa, walikuwa wanafundisha wasichana kusoma.

Mama, masista wetu wa Limuru chimbuko lao ni humu. Binti mmoja wa Dublin, Teresa Ball, aliletwa kusoma katika nyumba hii akiwa mtoto mdogo. Baadaye akawa sista humu humu, akarudi Ireland mwaka 1821, akafungua nyumba Rathfarnham akaiita Loreto. Kutoka Ireland, miaka 100 baadaye, masista wa Loreto wakafika Nairobi. Mwaka 1936 wakaanzisha shule Limuru kwa ajili ya wasichana Waafrika, nyakati ambazo hata wavulana wetu waliopata sekondari walikuwa wachache. Ndiyo hiyo shule mliyonipeleka. Nilikaa kwenye benchi ndani ya lile kanisa la York nikawaza, hawa watu walinijuaje?

Shangazi, siku ile ya kuripoti nadhani unadhani nimeisahau. Tulisafiri usiku kucha kutoka Voi, sanduku la bati juu ya basi, jina langu limeandikwa kwa rangi nyeupe na yule fundi wa pale stendi. Limuru ilikuwa na ukungu hata majani chai ya ng'ambo ya barabara hayakuonekana. Mama ulikuwa na kandambili. Tulipofika kwa karani wa karo, ulifungua fundo la leso mbele yake, ukaanza kukunjua noti moja moja, zimekunjwa ndogo kabisa, zinanuka vitunguu. Zilikuwa pesa za nyanya na kabichi mlizoteremsha kutoka Wundanyi. Na hazikutosha. Karani akaenda kumwita sista mkuu. Akaja, akatazama zile noti mezani, akatazama miguu ya Mama, akawaita ndani mkanywe chai. Mlichozungumza huko hamkuniambia mpaka leo. Ninachojua ni kwamba jioni ile nililala bwenini na blanketi mbili, moja yenu, moja ya shule.

Mengine ya shule mnayajua, maana niliwaandikia yote: uji wa alfajiri, maji ya baridi, kupangusa sakafu ya bweni kwa magoti, kimya cha masomo ya usiku. Lakini kuna moja sikuwahi kuwaeleza vizuri. Sista aliyetufundisha hisabati alikuwa hakubali jibu la kunong'ona. Ukijibu ukiwa umeinama, anakwenda mwisho wa darasa, anaegemea ukuta, anasema: "Simama, sema, nikusikie huku." Ukikosea hakukemei. Anauliza, "Umefikaje hapo?" na unalazimika kueleza njia yote mbele ya wenzako, hadi unaliona kosa mwenyewe. Mimi niliyetoka kwenye nyumba ambayo msichana huzungumza na wakubwa akitazama chini, mwaka wa kwanza nililia. Kufika kidato cha nne nilikuwa nabishana na kitabu.

Leo kazi yangu ni maabara ya maji. Juzi mkutanoni wakubwa walitaka kupitisha ripoti, nikaona sampuli tulizopima hazitoshi kusema tuliyoyasema. Nikasimama. Hapa watu huzungumza wamekaa, mimi nikasimama, nikaeleza hatua kwa hatua. Tukapima upya. Mama, sauti ile iliyotoka kinywani mwangu ilijengwa Limuru kwa nyanya zenu.

Na sikuwa wa kwanza kuandaliwa hivyo. Wangari Maathai alimaliza pale pale mwaka 1959. Alisimulia jinsi sista wa sayansi alivyomwita maabara kumsaidia kuosha vyombo vya kioo, na hapo ndipo mapenzi yake ya sayansi yakakua. Kutoka Limuru akaenda Atchison, Kansas, kwenye chuo cha masista Wabenedikti, akarudi akawa daktari wa falsafa mwaka 1971, akaanzisha harakati za kupanda miti 1977, na 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Walipomfukuza, walipompiga, hakunyamaza. Kila nikimsikiliza kwenye kanda za zamani namtambua: ni msichana aliyeambiwa asimame aseme.

Aliyeanzisha haya yote ni mwanamke wa huku huku Yorkshire, Mary Ward, aliyezaliwa 1585. Alitaka masista wasiofungiwa ndani ya kuta, watoke wakafundishe wasichana. Kanisa halikumwelewa. Mwaka 1631 Papa alilivunja shirika lake, shule zikafungwa, naye akafungwa katika konventi mjini Munich kama mzushi. Akiwa mgonjwa humo, aliwaandikia wenzake kwa maji ya ndimu kwenye karatasi za kufungia vitu. Karatasi inaonekana tupu. Ukiipasha moto, maneno yanatokea. Aliwatia moyo, akawaagiza wasimchukie mtu. Alifariki 1645 na kazi yake ikionekana imekwisha. Hadi 1909 ndipo Roma iliporuhusu masista wamtaje wazi kuwa mwanzilishi wao.

Nilikwenda Osbaldwick, kijiji kilicho karibu tu na mji, kuliona jiwe la kaburi lake. Limo ndani ya kanisa dogo la Kianglikana, maandishi yamechakaa lakini yanasomeka. Linasema shabaha yake yote ilikuwa kuwapenda maskini, kudumu katika hilo, kuishi, kufa na kufufuka pamoja nao. Nilisali Salamu Maria kwa Kiswahili, kwa sauti. Niliwataja kwa majina nyote wawili, na Baba, Mungu amrehemu, na yule sista mkuu wa siku ile.

Sasa mambo ya nyumbani. Shangazi, mbuzi asiuzwe hata mmoja. Karo ya muhula wa kwanza nimetuma jana kwenye M-Pesa yako, pamoja na ya sare, godoro na nauli. Ukiipata nijulishe, na risiti ya shule muitunze vizuri. Mnunulieni sweta mbili, za sufu kama zipo, na viatu vya kufunika miguu. Na Mama, wewe utakayempeleka, nimekuwekea pesa ya viatu pia, tafadhali visinunuliwe vya mtu mwingine.

Mwambieni huyo binti aniandikie kila mwezi, barua ya mkono. Akiwa na swali la fizikia aliandike humo humo, nitamjibu.

Nisalimieni mama mdogo na watoto, na jumuiya yetu ya Mtakatifu Yosefu. Mwezi wa nane, Mungu akipenda, nitakuja. Nitataka twende Limuru sisi watatu, na safari hii nauli na chai ni juu yangu.

Ni mimi mwanenu,
wa York