Wafundisheni wanafunzi kujadiliana

Mhariri,

Mwaka 2016 shule zaidi ya 100 humu nchini Kenya zilichomwa moto. Kila yanapozuka haya tunawasaka waliowasha kiberiti. Mimi niliyefundisha sekondari Eastlands, Nairobi, miaka mingi nauliza: nani aliwahi kuwafunza vijana hawa kudai jambo kwa maneno?

Kiranja wetu hukabidhiwa funguo na orodha ya wapiga kelele. Hafunzwi kuwasikiliza wenzake, kupanga hoja, wala kumkabili mwalimu mkuu kwa heshima na kurudi na jibu. Shule nyingi sasa huchagua viongozi kwa kura. Ni hatua njema, lakini kura haimpi mtu ujuzi.

Jijini Lusaka, Zambia, wasichana wa darasa la 8 walifunzwa kujadiliana na wazazi kuhusu masomo yao. Watafiti waliowafuatilia waligundua kuwa walidumu shuleni kuliko wenzao waliopewa tu chakula na mahali salama pa kukutania. Na mafunzo yenyewe yalichukua wiki mbili!

Naiomba Wizara ya Elimu itenge vipindi vya kufunza kujadiliana kwa kila mwanafunzi, si viranja pekee. Kijana wa mjini hujadiliana kila siku: na makanga kuhusu nauli, na mama kuhusu karo, na rafiki anayemvuta kwenye genge. Huyo wa mwisho ndiye anayeninyima usingizi.

Shule yoyote ya kutwa huku Eastlands ikikubali kuanza, nitakuja kufundisha kila Jumamosi bila malipo.

Mwalimu mstaafu,
Umoja, Nairobi