Mteremko Tuliouacha

Rafiki yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za dhati. Natumaini hujambo, wewe na wote wa nyumbani; mimi ni mzima, ila mapaja bado yananiuma kwa zile siku tano za kupanda na kushuka. Uliniomba nikusimulie safari yetu ya ski, zile mbao ndefu nyembamba za kuteleza juu ya theluji, katika milima ya Selkirk, na ukaniuliza waziwazi kama mtu mwenye akili timamu anaweza kwenda kuteleza mahali pasipo na lifti ya kukupandisha mlimani, njia zilizotengenezwa wala waokoaji wa karibu. Nitakujibu kwa kukueleza siku ya tatu, maana hiyo ndiyo iliyonikaa moyoni.

Tulikuwa wanne, na tuliingia milimani kupitia Rogers Pass, katika jimbo la British Columbia nchini Kanada. Ni mahali panapodai heshima. Tarehe 4 Machi 1910, wafanyakazi wa reli walikuwa hapo wakiondoa theluji iliyoporomoka na kuziba njia, poromoko jingine likawashukia na kuua watu 58. Hata leo jeshi hufyatua mizinga huko wakati wa baridi ili kuiangusha theluji kwa makusudi barabara ikiwa imefungwa, na kwa sababu hiyo yako mabonde ambayo huruhusiwi kuingia bila kibali.

Kupanda ni kazi ya subira. Chini ya kila ski hubandikwa ukanda wa kitambaa chenye manyoya yaliyolala upande mmoja, nasi tunauita ngozi kwa kuwa hapo zamani ulikuwa ngozi ya sili hasa. Ski husonga mbele bila shida, lakini hairudi nyuma. Tulianza kabla ya mapambazuko, na kwa saa tatu na zaidi sikusikia kitu ila mkwaruzo wa ngozi hizo na pumzi zangu mwenyewe.

Shabaha yetu ilikuwa mteremko mmoja mpana unaotazama kaskazini, ambao tangu siku ya kwanza tulikuwa tukiutazama kwa uchu. Theluji mpya ilikuwa imeanguka kwa siku mbili, na hapakuwa na alama hata moja juu yake. Tulipoupima, tulipata digrii 37, na wewe usiyeuzoea mchezo huu yafaa ujue kwamba maporomoko mengi yanayoua watu huanzia kwenye miteremko ya digrii 30 hadi 45, yaani ileile inayopendeza kuteleza.

Tulichimba shimo pembeni, mahali salama penye mwinamo wa namna hiyohiyo, ili tuone kama tabaka za theluji zimeshikana au zinaweza kuporomoka. Nilipousafisha ukuta wake kwa glavu, niliona mstari mwembamba wa kijivu kama sentimita 50 chini ya uso. Tukakata nguzo ya theluji ya sentimita 30 kwa 30, tukalaza beleshi juu yake, nami nikaanza kuipiga: mara kumi kwa nguvu ya kiganja tu, kisha mkono ukitokea kiwikoni. Zile kumi za kwanza hazikufanya kitu. Pigo la tatu la kiwiko lilipotua, kipande chote cha juu kilikatika palepale kwenye mstari na kuniteremkia mapajani. Nilichota chembe za pale nikazitazama kwa karibu: zilikuwa fuwele za sakitu, bapa kama vinyoya, zenye michirizi, zikimetameta. Hujijenga juu ya uso wa theluji katika usiku mtulivu usio na mawingu, kisha theluji mpya ikizifunika, zinaweza kubaki dhaifu hivyo kwa majuma kadhaa.

Hakuna aliyesema neno kwa muda. Nakiri kwamba mimi moyoni nilikuwa nimekwisha kuuteremka mteremko ule, na nilikuwa nikitafuta sababu ya kulipuuza tuliloliona. Mwenzetu aliyekuwa na uzoefu mdogo kuliko sote ndiye aliyesema, “Mimi siendi.” Usiku wa kwanza tulikuwa tumekubaliana kwamba neno la mmoja linatosha, wala haulizwi maelezo. Tukageuka. Namshukuru hadi leo, kwa sababu sina hakika kwamba ningelitamka neno hilo mimi.

Lakini usidhani tulirudi mikono mitupu! Tulishuka msituni, kwenye mwinamo wa chini ya digrii 30 usio na kitu cha kutisha juu yake, mmoja baada ya mwingine, wengine wakimfuatilia kwa macho. Theluji ilinifika magotini, nyepesi mno, kwa kuwa theluji ya unga kama ile huwa hewa tupu kwa zaidi ya sehemu tisa katika kumi. Ski hazigusi kitu kigumu. Unazama, unainuliwa, unazama tena, na kila unapokata kona, wimbi jeupe linakupiga usoni bila sauti. Nilipofika chini nilikuwa ninacheka peke yangu.

Tunarudi Februari ijayo, nami nataka uwe nasi. Kabla ya hapo, tafadhali usome kozi ya maporomoko ya theluji, kisha ujizoeze kutumia ile redio ndogo ya kifuani, inayotuma na kupokea mawimbi ya kilohezi 457, hadi uweze kuipata nyingine iliyofukiwa, uchome theluji kwa ufito mrefu kuitafuta ilipo na kuchimba, yote ndani ya dakika kumi. Baada ya muda huo, nafasi ya aliyefukiwa kuishi hupungua kwa kasi mno, na watakaokuwa karibu nami ni ninyi tu. Redio, ufito na beleshi vya ziada ninavyo; nitakutumia mara utakaponijibu.

Wako akupendaye,
Rafiki yako