Betri ya haibridi haikufa, imeuliwa na chaja ya usiku kucha

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme kitu kuhusu betri za magari ya haibridi (yanayotumia petroli na umeme), maana kinaniuma na kinawaumiza watu mfukoni. Mi ni fundi umeme wa magari hapa Dar, kila wiki naletewa Toyota Aqua, Prius na zingine za mtumba kutoka Japani, mwenye gari ameshaambiwa betri imekufa anunue nyingine, na mara nyingi betri yenyewe ilikuwa nzima tu mpaka pale fundi wa kwanza alipoishika.

Mwezi uliopita mama mmoja mwalimu kaniletea Aqua. Gereji alikotoka walishusha betri, wakachomoa moduli (vile vipande vinavyounganishwa kuwa betri moja) zote 20, wakazipachika kwenye chaja kubwa usiku kucha eti wanaziamsha. Asubuhi zingine zimevimba. Nililaza rula ya chuma kwenye ubavu wa moduli moja ikawa inayumba huku na huku kama imewekwa juu ya chungwa, na pale nati zinapofungwa umetoka unga mweupe. Mama akaniuliza, "Sasa fundi, si waliichaji tu, kuchaji kunaharibuje?" Swali zuri sana, na ndo limenifanya niandike.

Upande wa chanya wa betri hizi za nikeli kuna nikeli haidroksaidi. Betri ikiisha chaji unga wake ni wa kijani, ikijaa unageuka mweusi (msifungue kuangalia, maji ya humo ni potasiamu haidroksaidi kali, yanaunguza ngozi, na betri nzima ya Aqua ni volti 144, inaua). Unga huo umejipanga tabaka tabaka, fikiria chapati kwenye hotipoti. Kuna umbo linaitwa beta, chapati zimekaa kavu zimebanana, toka tabaka moja mpaka lingine ni kama nanomita 0.46 (nanomita ni mita moja ukiigawa mara bilioni). Kuna alfa, katikati kumeingia maji, nafasi inafika nanomita 0.8 hivi. Kiwandani wanatumia beta. Ukichaji inaachia protoni zake (chembe za haidrojeni) inakuwa beta nyeusi, ukitumia zinarudi, na kwa kuwa chapati hazisogei sana betri inakwenda na kurudi hivo miaka na miaka. Mjerumani Hans Bode na wenzake walizichora njia hizi zote mwaka 1966 na mpaka leo mtu akisoma betri za nikeli anaanzia kwenye mchoro huo huo.

Shida inaanza ukizidisha chaji. Ile beta nyeusi inageuka umbo lingine linaitwa gama, na gama inavuta maji na potasiamu inaziingiza katikati ya tabaka, nafasi inafika kama nanomita 0.7, yaani unga uleule sasa unataka nafasi zaidi kwa zaidi ya theluthi na uko ndani ya sahani iliyobanwa haina pa kwenda. Sahani inatanuka, inanyonya maji ya betri, kitenganishi kinachokaa kati ya sahani ya chanya na ya hasi kinabaki kikavu, na wakati huohuo chaji ambayo haina tena pa kuingia inatoa oksijeni, presha inapanda, plastiki inatoka tumbo. Joto linaongeza balaa kwa sababu betri ikiwa ya moto oksijeni inaanza kutoka mapema hata kabla haijajaa, sasa fikiria chaja kubwa, chumba hakina feni, na joto la Dar la mwezi wa pili.

Kompyuta ya gari inalijua hili. Haijazi betri mpaka juu wala haiiachi iishe kabisa, inaishikilia katikati. Viwandani nao wanachanganya zinki na kobalti, hiyo hiyo kobalti inayochimbwa Kolwezi kule Kongo, ili gama isijitengeneze kirahisi na umeme upite vizuri kwenye unga. Kuna wataalamu wanaoitaka alfa badala ya beta kwa sababu alfa ikichajiwa inakwenda gama moja kwa moja bila kutanuka na kila nikeli inatoa zaidi ya elektroni moja, ila alfa ikikaa kwenye potasiamu haidroksaidi inageuka beta yenyewe, ndo wanaichanganyia aluminiamu isimame. Mi hiyo kazi naiheshimu mno.

Na hii habari ya betri "kukariri", eti ikizoea kutumiwa nusu inagoma kutoa zaidi, mara nyingi ni gama hiyo hiyo. Inatoa umeme kwa volti ya chini kidogo kwa hiyo inaonekana imeisha kumbe bado. Ukiishusha chaji taratibu gama inarudi alfa, na alfa ndani ya maji yale inarudi beta. Moduli za yule mama nilizishusha chaji polepole mpaka volti 6 kila moja, nikazichaji chini ya ampea moja kwa masaa ya kuhesabu, feni inapuliza, nikarudia mara tatu. Kumi na tatu zimerudi vizuri. Saba zilizotoka tumbo hazikurudi, maji yake yameshakwenda.

Kwa hiyo mwenye gari, fundi akikwambia anaichaji betri muulize ampea ngapi na masaa mangapi, akishindwa kukujibu chukua gari lako. Na ule mlango wa hewa ya kupooza betri pembeni ya siti ya nyuma usiufunike na mizigo, usafishe vumbi. Vyuo vya ufundi navyo naomba mafunzo ya haibridi yaanzie kwenye unga huu kabla ya mashine ya kusoma kodi za makosa ya gari, kwa sababu mashine itakwambia moduli ipi ni mbovu ila haikwambii nani kaiharibu.

Aqua ya mwalimu inatembea, nimempachikia moduli 7 za mtumba nilizozipima mpaka zikalingana na zake. Zile zilizovimba ninazo hapa gereji, fundi yeyote anayetaka kuziona aje na rula yake.

Fundi umeme wa magari,
Dar es Salaam