Kufungua mashine ya gemu uliyoinunua si wizi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nijibu makala mliyoichapa wiki iliyopita kuhusu udukuzi wa mashine za gemu. Mwandishi aliufanya udukuzi, yaani kufungua kufuli za mashine, na uharamia, yaani kucheza gemu za wizi, kuwa chanda na pete, kisha akahitimisha kwamba wadukuzi ndio walioizika Dreamcast, mashine ya gemu ya kampuni ya Sega. Mimi ni fundi wa mashine hizi, na maneno hayo yamenikaa rohoni.

Nianze na hiyo hiyo Dreamcast. Ni kweli mlango wake ulikuwa wazi. Sega iliiwezesha kusoma aina fulani ya sidii za muziki zilizoitwa MIL-CD, na mwaka 2000 maharamia wakapitia humo humo: gemu ikashushwa kwenye intaneti, ikachomwa kwenye sidii ya kawaida, ikacheza bila bisibisi kugusa mashine. Januari 2001 Sega ikatangaza kuacha kuitengeneza, ikiwa imeuza kama milioni 9 tu. Ukiishia hapo utaona mwandishi amepatia. Lakini Sega iliingia sokoni ikiwa bado inauguza hasara za mashine zilizotangulia, kampuni kubwa ya gemu ya Electronic Arts ilikataa kuitengenezea gemu, na PlayStation 2 ya Sony ikaja ikicheza na DVD za filamu juu yake. Hiyo PlayStation 2 nayo ilipachikwa chipu za kusoma diski za kuchoma kila pembe ya dunia, na imeuza zaidi ya milioni 155. Nintendo DS ilikuwa na ile kadi ya R4 iliyobeba rundo la gemu kwenye memori kadi moja, na ikauza milioni 154. Mashine mbili zilizouzwa kuliko zote za zama zao ni hizo hizo zilizochezewa mno na maharamia.

Sisemi uharamia hauumi. Unauma, ila anayeumia mara nyingi siye anayeuza mashine. Tazama PSP, mashine ya mkononi ya Sony. Wadukuzi waligundua kwamba ukibadilisha namba iliyohifadhiwa ndani ya betri yake, mashine inadhani iko mikononi mwa fundi wa kiwandani, inafungua milango yote. Ilinunuliwa kwa makumi ya mamilioni, huku Sony ikilalamika kwamba gemu zake hazinunuliwi inavyopaswa. Studio ndogo ya kutengeneza gemu haina mashine ya kuuza wala betri ya kuuza. Ina gemu yake moja, na gemu huuza zaidi wiki za mwanzo. Utafiti wa William Volckmann uliotoka mwaka 2024, uliohusu gemu za kompyuta, ulikuta kwamba kinga ya gemu ikivunjwa katika wiki ya kwanza, mapato hupungua kwa takriban asilimia 20. Ikivunjwa miezi baadaye, hasara karibu haionekani. Asilimia 20 ni mishahara ya watu, na nani anayeishi kwa kazi ya mikono yake ataibeza?

Lakini mwandishi wenu hakuuliza kufuli huvunjwa na nani, na kwa nini. Kisa cha PlayStation 3 kingemjibu. Ilipotoka mwaka 2006, Sony ilimruhusu mnunuzi akitaka aweke ndani yake Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, aitumie kama kompyuta. Jeshi la Anga la Marekani liliunganisha zaidi ya 1,700 likapata kompyuta moja yenye nguvu za ajabu. Kwa zaidi ya miaka mitatu uharamia haukufua dafu kwenye mashine hiyo. Januari 2010 kijana aitwaye George Hotz akatangaza kwamba amepata upenyo kupitia upande wa Linux, na Sony ikajibu kwa kuifuta Linux yenyewe kwa sasisho la tarehe 1 Aprili 2010. Ukilikataa sasisho, huchezi tena mtandaoni. Ukilikubali, Linux yako imekwenda. Yaani watu waliolipa fedha zao kwa vitu viwili wakaambiwa wachague kimoja.

Mwaka haukwisha. Desemba 2010 kundi la wadukuzi la fail0verflow lilipanda jukwaani mjini Berlin na kuonyesha kosa lililokuwamo siku zote. Kila programu halali ya mashine ile hutiwa sahihi ya kidijitali ya kampuni kwa hesabu inayodai namba ya kubahatisha, mpya kila mara. Sony ilikuwa inatumia namba ile ile. Mtu akiwa na sahihi mbili tu, anaukokotoa ufunguo wa siri kwa aljebra. Siku chache baadaye Hotz akachapisha ufunguo mkuu, Sony ikamfungulia kesi, na Aprili 2011 wakatangaza kwamba wamemalizana. Maharamia wakaja nyuma yao kula karamu wasiyoipika. Na wanunuzi walionyang'anywa Linux walishtaki pia, hadi Sony ikakubali kuwalipa fidia.

Tofauti hiyo ya mdukuzi na haramia ilijirudia kwenye Nintendo Switch mwaka 2018. Kosa lilikuwa ndani ya chipu yenyewe, mahali ambapo hakuna sasisho linalofika. Kipande cha waya kwenye reli ya kulia, panapochomekwa kidhibiti, kilitosha kuanzisha kazi. Katherine Temkin, aliyeligundua, aliwapa taarifa Nvidia, wenye chipu hiyo, na Nintendo kabla ya kulitangaza. Kundi la Team Xecuter wao walitengeneza kifaa cha kuuza, na mmoja wao, Gary Bowser, alihukumiwa Februari 2022 kifungo cha miezi 40. Mmoja alitoa taarifa, mwingine alifungua biashara. Kuwaita wote wezi ni kumwonea wa kwanza. Na Switch? Imepita milioni 150.

Sasa nieleze ninachokiona mezani kwangu. Kuna mteja alileta mashine isiyosoma diski, pamoja na mfuko wa gemu zake halali, zote na makasha yake. Lenzi ilikuwa imekufa. Nikatoa kisomeo kizima cha diski kutoka mashine nyingine ya toleo lile lile, nikakifunga. Mota ikazunguka, diski ikavutwa ndani, halafu skrini ikakataa. Kampuni imekifungisha ndoa kila kisomeo na bodi yake kwa ufunguo wa siri, na cha ugenini hakikubaliwi. Kampuni haikuwa tayari tena kuitengeneza kwa kuwa ni ya zamani. Nilitumia programu ya wadukuzi kuhamisha ufunguo, na jioni ile ile alicheza gemu zake alizozilipia.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1998 ya kulinda kufuli za kidijitali, ambayo nchi nyingi zimeiga, haikuwa ikitofautisha kazi hiyo na wizi. Ni mwaka 2021 tu Marekani iliporuhusu kufuli livunjwe kwa ajili ya kutengeneza kisomeo cha diski, na hata hapo ni kosa kumpatia mtu nyenzo ya kulivunjia. Umeruhusiwa kufungua, ila asikupe mtu ufunguo!

Tena maduka ya mtandaoni ya kuuzia gemu yanafungwa. La mashine za Nintendo 3DS na Wii U lilifungwa Machi 2023. Mwaka huo huo taasisi ya kuhifadhi historia ya gemu, Video Game History Foundation, ilionyesha kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka Marekani hazipatikani tena madukani. Gemu isiyouzwa popote haina mauzo ya kuharibiwa.

Ombi langu kwa kampuni ni moja: mkifunga duka la mashine, toeni sasisho la mwisho linalomwachia mwenye mashine mashine yake. Na ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba mkiandika tena habari hii, muwaulize mafundi pia. Mteja akija kwangu na diski zake, nitamfungulia. Akija kutaka nimjazie gemu za bure, namrudishia mashine yake kama alivyoileta.

Wako,
Fundi na msomaji wenu