Kitanda cha Juu Kilikuwa Chako

Malmö, 25 Januari 2026

Mpendwa ndugu yangu Mwanahawa,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya pamoja na watoto na Bi Mkubwa, na kwamba mguu wake umepata nafuu. Mimi ni mzima, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Nimeamua kuandika kwa kalamu na kumkabidhi Mama Hidaya, anayeondoka kurudi Tanga siku ya Ijumaa, kwa sababu tangu mwishoni mwa Novemba simu zangu hupokei na ujumbe wangu unausoma bila kuujibu, nami nimechoka kujidanganya kwamba ni matatizo ya mtandao.

Bila shaka umekwisha kusikia kwa Rehema kwamba ile safari yetu ya treni mpaka Narvik, kaskazini mwa Norwei, tuliifanya. Tuliipanga watu watatu kwa miaka mingi, tukaenda wawili, na wewe ukabaki Korogwe na ile karatasi ya kunyimwa viza. Tangu nirudi silali vizuri kwa ajili ya jambo hili, kwa hiyo nivumilie nikueleze yote mwenyewe, maana sitaki uyapate vipande vipande kutoka kwa watu.

Nilikuwa nimelipia chumba cha vitanda vitatu katika treni ya usiku tangu Septemba, kabla ya majibu ya viza. Vitanda vyenyewe vimepangwa kimoja juu ya kingine kama vile vya bwenini, ila hapa ni vitatu, na cha juu kabisa kinapandwa kwa ngazi fupi ya chuma. Cha juu kilikuwa chako. Hatukuulizana, kwa sababu tangu kidato cha kwanza wewe hukuwahi kukubali kulala chini. Rehema alilivua lile koti lako jekundu, akapanda ngazi, akalilaza juu ya shuka iliyokwisha kutandikwa kwa ajili ya abiria wa tatu, kisha akashuka bila kusema neno. Taa ilipozimwa niliuona mkono mmoja wa koti umening'inia pembeni mwa kitanda, ukitikisika kila behewa lilipotikisika, na nilibaki nikiutazama mpaka tulipokuwa tumeiacha Uppsala mbali sana.

Habari za koti lile sikuwa nazo. Rehema ndiye aliyenisimulia jinsi ulivyoshinda siku nzima ukichambua mitumba, jinsi ulivyoshona kifungo cheusi mahali pa kile kilichopotea, na jinsi ulivyokuja nalo stendi saa kumi alfajiri siku ya safari yake, ukamvika mwenyewe na kumwambia kwamba koti limenunuliwa kwa ajili ya theluji, basi na liende kwenye theluji. Mwanahawa, moyo huo uliupata wapi? Mimi nisingeweza.

Rehema aliteremka uwanja wa ndege wa Copenhagen, ambako stesheni ya treni iko chini ya jengo lenyewe la uwanja. Kutoka hapo treni inaingia katika handaki la kilometa 4 chini ya bahari, inaibukia kwenye kisiwa kilichojengwa na watu, halafu inapanda daraja la karibu kilometa 8 mpaka upande huu wa Uswidi. Daraja hilo lilifunguliwa mwaka 2000. Nilikuwa nimempokea kulekule, na tulipotoka handakini alikishika kifungo kile cheusi kwa vidole viwili na hakukiachia mpaka tulipofika Malmö. Nilidhani ni baridi. Baadaye nikajua kwamba alikuwa anakufikiria wewe, kama nilivyokuwa nikikufikiria mimi, na kila mmoja wetu aliogopa kulitaja jina lako kwanza.

Ukijumlisha njia yote kutoka hapa Malmö kupitia Stockholm mpaka Narvik, ni karibu kilometa 2,000, yaani kama kuimaliza reli yote ya TAZARA ya kilometa 1,860 na ziada kidogo. Treni ya usiku inaondoka Stockholm jioni na kufika Narvik mchana wa siku ya pili. Asubuhi, katikati ya misitu, inavuka Duara ya Aktiki, na kutoka hapo kwenda kaskazini ziko siku za majira ya baridi ambazo jua halichomozi. Nilimwamsha Rehema tuone. Hapakuwa na cha kuona isipokuwa misonobari iliyoinama kwa uzito wa theluji, lakini tulikaa dirishani tukashikana mikono.

Hapo ndipo marehemu baba yako alipoingia chumbani mwetu, na hakutoka tena. Unaikumbuka ile kalenda aliyoibandika ukutani katika nyumba ya gangi, zile za watengenezaji wa reli, yenye picha ya treni nyeusi ikipasua theluji? Mwaka wake ulikwisha, akaikata tarehe akabakiza picha. Sisi watatu tulikuwa tunamuuliza ni nchi gani, naye anasema hajui, ila anachotaka kujua ni namna wanyapara wa huko wanavyozuia barafu isikwamishe reli. Basi nimemuulizia. Mahali reli zinapogawanyika huwekwa vipasha joto vya umeme vinavyoyeyusha theluji ili njia iweze kubadilishwa. Baridi ikizidi chuma husinyaa, na reli ndefu zilizounganishwa kwa kuchomelewa huweza kukatika, kwa hiyo wapo watu wa gangi wanaotoka usiku katika baridi hiyo kwenda kuziunga. Nilimwona mmoja wao kando ya njia karibu na Gällivare, amesimama na taa kichwani, amekunja mkono nyuma ya mgongo vilevile alivyokuwa akisimama Mzee treni ikipita. Nilitamani ungekuwapo uone msimamo ule, kwani wewe ndiye ungeutambua kabla yangu.

Kule Kiruna tulishuka dakika chache. Ilikuwa nyuzi 27 chini ya sifuri. Ukivuta pumzi, vinyweleo vya puani vinaganda na unahisi kama umechomwa sindano nyingi ndogo, na theluji ikikanyagwa inalia kama unga wa muhogo mkavu unapofinywa kiganjani. Mji huo unahamishwa, kwa sababu mgodi wa chuma ulio chini yake unaidhoofisha ardhi. Hata kanisa lao la mbao lililojengwa mwaka 1912 walilipakia zima juu ya magari Agosti iliyopita na kulisogeza kilometa 5.

Chuma hicho ndicho kilichoijenga reli yenyewe, wala si abiria kama sisi. Bandari ya Luleå upande wa Uswidi inaganda wakati wa baridi, lakini bahari ya Narvik haigandi kwa sababu ya mkondo wa maji ya uvuguvugu unaotoka kusini, kwa hiyo walipasua milima mpaka wakaifikia. Reli ilikamilika mwaka 1902. Nilipoisoma tarehe hiyo nilishtuka, kwa sababu ndio mwaka ambao reli yetu ya Tanga ilifika Korogwe. Mpaka leo Narvik haijaunganishwa na reli nyingine za Norwei. Anayetaka kufika kwa treni hana budi kupitia Uswidi.

Sasa nisikilize vizuri. Baada ya Kiruna njia ni moja, na treni zinapishana katika vituo vidogo. Saa tano hivi asubuhi tulisimama kando ya ziwa kubwa la Torneträsk kusubiri treni ya chuma iliyokuwa ikirudi tupu kutoka bandarini. Jua halikuwapo, ila anga lote lilikuwa la buluu, na theluji nayo ya buluu, mwanga kama ule wa alfajiri pale sala ya subhi inapomalizika. Treni ikaja. Rehema akaanza kuhesabu mabehewa kwa sauti, moja, mbili, tatu, kama alivyotufundisha Mzee tukiwa tumekaa juu ya mataruma ya zamani, na mimi nikadakia. Vumbi la theluji lilipiga kioo, hatuoni vizuri, tunaendelea kuhesabu. Mimi nilipata 66. Rehema alipata 68, na 68 ndiyo idadi yenyewe, kila behewa likiwa linabeba tani 100 za mawe ya chuma linaposhuka na mzigo. Tulipomaliza tuligeuka wote wawili, kwa pamoja, kutazama kitanda cha juu, kwa sababu mwamuzi wetu tangu utotoni ni wewe. Rehema alilia. Mimi pia nililia, sitakuficha.

Narvik yenyewe sitaieleza kwa urefu. Treni inashuka ubavuni mwa mlima, bahari iko chini kabisa, nyeusi na haina barafu, na mchana unadumu saa chache za mwanga hafifu. Tulikaa siku mbili. Mianga ya kaskazini hatukuiona kwa sababu ya mawingu, na kwa kweli sikuihuzunikia.

Usiku wa kwanza wa safari, kondakta alipokuja kukagua tiketi, alihesabu tiketi tatu na watu wawili, akauliza mwenzetu yuko wapi. Nilimjibu kwamba atakuja mwaka ujao. Maneno yalinitoka kabla sijayafikiri, na tangu hapo yananidai. Ndiyo sababu ya barua hii, pamoja na jambo moja ambalo sijamwambia hata Rehema.

Mwezi Agosti uliniuliza kama kutokuwa na barua ya mwajiri kungekuwa tatizo. Rehema ni mwalimu, barua yake ilikuwapo. Wewe unajitegemea kwa duka lako na shamba, huna mwajiri wa kukuandikia. Nikakujibu kwa haraka, nikiwa kazini, kwamba haina lazima, barua yangu ya mwaliko inatosha. Haikutosha. Kama sababu waliyoitia alama katika ile karatasi ni kwamba hawakuridhika kuwa ungerudi nyumbani, basi kosa si lako hata kidogo. Ni langu mimi niliyekuambia usihangaike. Leseni ya biashara, namba ya mlipakodi, taarifa ya benki ya miezi sita, barua ya serikali ya mtaa, hati ya shamba, vyeti vya kuzaliwa vya watoto: vyote hivyo unavyo, na vyote vingeonyesha wazi kwamba maisha yako yako Korogwe. Sikukuambia uviambatanishe. Nimelirudia jibu lile katika simu yangu mara nyingi kiasi kwamba nimelihifadhi moyoni, maneno kumi na moja tu, na yamekugharimu safari ya miaka ishirini. Nisamehe, Mwanahawa.

Kunyimwa mara moja hakukuzuii kuomba tena. Ninaomba uniruhusu tuanze mapema safari hii, mwezi Julai, na kila karatasi tuipitie pamoja kwa simu, mstari kwa mstari, hata ikichukua usiku kucha. Nauli ya kitanda nimekwisha kuanza kuiweka akiba. Rehema amesema atarudi hata akilazimika kuomba likizo bila malipo, kwa sababu ile ya kwanza haihesabu kuwa ndiyo safari yetu.

Je, karatasi ile unayo bado, au uliichana? Ni alama ngapi waliweka, na katika sababu zipi? Hasira yako ni kwangu, kwa Rehema, au kwao? Na kama ni kwangu, kwa nini hukunigombeza kama unavyonigombeza siku zote? Picha ya kalenda bado iko kwa kaka yako, au ilipotea nyumba ilipobomolewa? Unakwenda stesheni siku hizi treni ya Arusha inapopita? Watoto wamefaulu? Yule kijana wa Mombo amelipa deni lako?

Nimesahau kukuambia kwamba Rehema hakuondoka na koti. Nafasi ilikuwapo katika sanduku lake, ila alilitundika mwenyewe nyuma ya mlango wangu asubuhi ile ya kuondoka, na nikimuuliza kwa nini, anasema nikuulize wewe. Basi nakuuliza: nimkabidhi ndugu yake Mama Hidaya anayesafiri mwezi Machi akuletee, au niliache hapo hapo mlangoni?

Ni mimi ndugu yako,
Zainabu